Naomba ushauri: maelezo ya mandhari yanakwamisha riwaya yangu

Wakuu, habari zenu. Naandika riwaya nikiwa hapa Mtwara. Mhusika wangu ni binti wa Mikindani anayebangua korosho kwa mkono, na nataka msomaji wa Mwanza au Kigoma ambaye hajawahi kufika kusini aisikie ile kazi mwilini mwake.

Vya kusimulia ni vingi mno. Kuna moshi wa korosho zinapochomwa, unaowasha macho na koo. Kuna mafuta ya ganda, yanayobabua ngozi mpaka vidole vinakuwa vyeusi, ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu. Kuna mabibo yaliyoanguka chini ya mikorosho mwezi wa Novemba, harufu yake tamu na chachu kwa pamoja. Halafu kuna ghuba, maji yakipwa linabaki tope na mikoko.

Nikiviandika vyote, ukurasa mzima unapita na binti hajafungua mdomo. Nikipunguza, Mikindani inakuwa mji wowote wa pwani. Rafiki yangu mmoja anashauri nichague kitu kimoja kwa kila tukio. Mwingine anataka mandhari ipite ndani ya vitendo: msomaji asiambiwe vidole ni vyeusi, amwone binti akivificha mbele ya wakwe. Naelekea kwa huyu wa pili, ila harufu nitaipitisha kwenye kitendo gani?

Nyie mnaoandika, mnachaguaje cha kubakiza? Mwenye aya yake fupi anayoridhika nayo, naomba aiweke hapa nijifunze.