Mrejesho: kidonge chenye kamera na saratani ya tumbo

Asalaam alaykum. Niliuliza kama mzee wa Wete anayeogopa mpira wa kooni (mrija wenye kamera unaopitishwa kooni hadi tumboni) anaweza kumeza kidonge chenye kamera kuangaliwa saratani ya tumbo. Ahsanteni kwa majibu.

Kidonge cha kawaida, takriban milimita 26 kwa 11, ni cha utumbo mwembamba. Tumboni ni papana: kinaelea tu na kuacha pembe bila picha. Kinachofaa ni kile kinachoongozwa kwa sumaku kutoka nje. Mtu hali kitu tangu usiku, hupewa dawa ya simethikoni ya kuondoa povu, kisha maji nusu lita hadi lita moja ili tumbo litanuke. Povu likibaki, picha hazisomeki. (Ramadhani basi, ipite kwanza.)

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au utumbo uliobana asimeze. Aliyemeza asipimwe MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku kubwa) kabla kidonge hakijatoka. Siku 14 zikipita bila kutoka, apigwe eksirei.

Kubwa zaidi, kidonge hakikati kinyama cha kupimwa. Kikiona kidonda, itabidi mpira ule ule. Mzee anakonda na choo chake ni cheusi, dalili za hatari, kwa hiyo ni mpira moja kwa moja, na aombe dawa ya usingizi.