Kasisi wa Dungeons & Dragons alazimishwe kuwa tabibu, au mwenye kumcheza aruhusiwe kumbadilisha?

Mleta mada

Wakuu habari za usiku. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Jumamosi, naomba tulijadili bila kukwazana.

Sisi tuko watano, DM (mwendesha mchezo) na wachezaji wanne, tunacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kuigiza wahusika wa hadithi kwa kurusha dadu, kwa simu usiku baada ya kazi. Tunatumia ule waraka wa bure wa kanuni, SRD 5.1, uliowekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, maana vitabu vyenyewe ukijumlisha na gharama ya kuvileta vinauma. Sasa mle ndani kila klasi, yaani aina ya mhusika, ina tawi moja tu. Mpiganaji ni Champion, mwizi ni Thief, kasisi ni domeni ya Life, tawi la uponyaji, basi imeisha. Nikamuomba DM nimbadilishe kasisi wangu awe wa mungu wa bahari, mtu wa kusoma upepo na kuwapanga wenzake vitani, kabla hata DM hajajibu wenzangu wakaruka: hapana, wewe ndo tabibu wetu, ukibadilika tutakufa.

Hapo ndo nabishana nao. Chukua kasisi wa levo 1 mwenye Hekima ya +3. Cure Wounds, dua ya kuponya, kwa kanuni za 2014 (ndizo za SRD 5.1) ni dadu ya pande 8 jumlisha 3, wastani 7.5. Life inakuongezea 3, unafika 10.5. Zimwi likishusha rungu mara moja ni dadu mbili za pande 8 jumlisha 4, wastani 13. Yaani nimetumia zamu yangu nzima, nimetumia nafasi moja kati ya mbili za dua nilizonazo kwa siku nzima, na bado rungu moja linafuta kila kitu na chenji juu.

Sasa angalia Bless, dua ya kuwabariki wenzako. Nafasi ileile moja, watu watatu, kila mmoja anaongeza dadu ya pande 4 kwenye kila pigo na kila kujiokoa mpaka raundi 10 kama sijavurugwa umakini. Wastani wa 2.5 kwenye dadu ya pande 20, ile ya kuamua kama pigo limepata, ni moja ya nane, kila mapigo 8 kuna moja lililokuwa likose sasa linapata. Zimwi likifa raundi moja mapema ile 13 haipo kabisa, hakuna cha kuponya. Huo kwangu ndo usapoti, jeraha lisitokee.

Na wanaosema kasisi ni tabibu tangu enzi na enzi, kasisi wa 1974, wa Gygax na Arneson waliobuni mchezo, levo ya kwanza hakuwa na dua hata moja! Alikuwa mtu wa deraya na rungu anayefukuza wafu, dua zilikuja levo ya pili. Utabibu tumemtwisha sisi.

Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Mkuu hesabu zako nzuri ila umepigia mahali siyo. Hakuna anayeponya ili ashindane na rungu la zimwi. Tunaponya kwa sababu mtu akifika 0 ya uhai analala, anaanza kurusha dadu za kifo, akishindwa tatu kaenda, na adui akimfikia pale chini pigo moja la karibu linahesabika kashindwa mara mbili. Hapo Healing Word, dua ndogo ya kuponya, kutoka futi 60, tena kwa kitendo cha ziada, inamwinua na anacheza zamu yake kama kawaida. Hiyo zamu huwezi kuiandika kwenye wastani wake wa kuponya wa 5.5. Kipa hata kama anajua kufunga anakaa golini, timu imepangwa ikijua yupo pale. Wenzako walichagua klasi zao wakijua una kasisi, leo unabadilisha katikati ya kampeni, mbona hilo hulisemi?

Mleta mada

Hilo la katikati ya kampeni umenishika, nakubali ningesema mapema. Ila Healing Word siyo ya Life peke yake, iko kwenye orodha ya makasisi wote, hata manju, klasi ya mwimbaji, anayo, sijasema naitupa. Mwenzangu akilala nitamwinua. Ninachokataa ni kukaa raundi nne mkono juu ya dua nikisubiri mtu apungue, halafu nikitaka kutupa Bless raundi ya kwanza naambiwa "tunza hiyo ya kuponyea". Nimecheza hivyo miezi mitatu, mtu anakimbia peke yake katikati ya goblini saba na akianguka mimi ndo naulizwa nilikuwa wapi. Mfano wa kipa haukai hapa, kipa anaachwa adake anavyojua yeye.

Mchangiaji wa 2

Mimi ni DM, siyo wenu. Kumbadilisha mtu sina shida nako, shida yangu ni watu wanaongeza bila kutoa. Domeni ya Life inakupa deraya nzito, ile nyongeza ya kuponya, dua zake zilizo tayari siku zote, na levo ya 2 unapata Preserve Life, pointi 5 za uhai mara levo yako unazigawa kwa waliojeruhiwa vibaya. Andika hizo upande mmoja, upande wa pili uandike unachotaka badala ya kila moja. Mimi kwa mtu wa bahari ningetoa deraya nzito, hata kwa hadithi tu chuma na maji haviendani. Nyongeza ya kuponya ningeigeuza hivi: kila mwenzake anayemtupia dua ya levo 1 au zaidi anasogea futi 10 bila kupigwa wakati anaondoka. Kwenye dua za domeni Cure Wounds itoke, Fog Cloud, ya wingu la ukungu, iingie. Tucheze mara tatu, ikizidi nguvu tunapunguza, na hilo tunaliandika kabla siyo baada.

Mchangiaji wa 3

Naomba nisemee na sisi tunaopenda kuponya, maana uzi huu unatusema kama tumelazimishwa. Mimi nachagua Life kwa hiari yangu na hakuna raha kama kumrudisha mtu aliyebakiza dadu moja ya kifo. Kanuni za 2024 zenyewe zimeliona hili, Cure Wounds sasa ni dadu mbili za pande 8, na Hekima na Life unafika wastani wa 15, lile rungu limepitwa. Halafu domeni unachagua levo ya 3, levo ya 1 unaamua tu uwe Protector mwenye deraya nzito na silaha za vita au Thaumaturge wa dua. SRD 5.2 ya 2025, waraka wa kanuni hizo mpya, nayo ni bure, hamieni huko kabla hamjavuruga kitu.

Mleta mada

Dada sijawasema nyie hata kidogo, anayependa aponye na nitamshukuru. Ila hata huko 5.2 domeni ya kasisi ni Life ileile moja, kwa hiyo swali langu halijaondoka.

Nachukua ya mkuu DM, futi 10 naikubali na deraya nzito natoa. Preserve Life nabaki nayo, hiyo ndo nawapa wenzangu kwa kuwashtua katikati ya kampeni. Ila nami nina sharti langu: kila mtu abebe chupa yake ya dawa, vipande 50 vya dhahabu, inarudisha wastani wa 7, na mmoja wao asiye kasisi abebe mkoba wa tabibu, vipande 5 tu, unatumika mara 10 na unamtuliza aliyelala bila kurusha dadu. Mpiganaji wetu ana vipande 140 mfukoni na hajawahi kununua hata chupa moja. Jumamosi naanza na yeye.