Naezeka Pangani, nipo Moshi: vigae vya lami, msauzi au bati za kokoto?

Mtoto_wa_Pasua
Habari za jioni wakuu. Mimi nipo Pasua hapa Moshi ila ujenzi wenyewe uko Pangani, kwao mke wangu. Kiwanja kiko kama mita 400 kutoka baharini, peupe kabisa, hakuna minazi wala nyumba ya kukata upepo. Ukuta umefika kwenye linta. Paa litakuwa kama mita za mraba 180.

Shida ni kwamba mama watoto hataki bati. Anasema kakulia chini ya makuti, na mvua ikipiga kwenye bati hasikii hata simu ikiita. Kaviona vigae vya lami, vile vyepesi vya kupinda vinavyopigiliwa kwa misumari, kwenye nyumba moja huku Moshi, Shanty Town, basi hasikii la mtu. Fundi wangu anasema tupige bati za msauzi tumalize kazi. Shemeji naye anasukuma zile bati za muundo wa vigae zenye kokoto juu. Upepo wa kusi kule ukishika kasi mwezi wa sita hauna utani. Mliowahi kuezeka penye upepo, mnasemaje?

Mzee_wa_Msauzi
Msauzi geji 28, kofia ndefu, umemaliza. Lami waachie Wazungu wenye theluji.

Fundi_Kisongo
Mzee, hao Wazungu wa Marekani wanapigwa na vimbunga kila mwaka na nyumba zao nyingi zina hivyo hivyo vigae vya lami. Kwa hiyo kigae chenyewe tusikionee. Ngoja nikueleze nilichokiona kwa macho yangu.

Niliitwa huku huku Kisongo, Arusha, nyumba haina hata miaka miwili, upande mmoja wa paa umekuwa kama kuku aliyenyonyolewa. Mwenye nyumba ana hasira, anasema kauziwa vigae feki. Nikashuka shambani kuokota vipande kwenye mahindi. Kile kigae cha meno matatu kina mstari wa gundi ya lami, unatakiwa ushikane na kigae cha juu yake jua likipiga. Nikapitisha kidole kwenye ule mstari, kikatoka chekundu. Vumbi tupu. Waliacha pakiti zimefunguliwa juu ya paa siku kadhaa, na Kisongo mnaijua wakati wa kiangazi. Gundi haikuwahi kushika hata siku moja.

Halafu nikatazama matundu ya misumari. Msumari unakaa CHINI ya mstari wa gundi, jamaa walipiga juu yake kama sentimita 4. Ukipanda hivyo, msumari unakikosa kichwa cha kigae cha safu ya chini. Ukipiga pale panapotakiwa, kila kigae kinashikwa mara mbili: kwa misumari yake na kwa misumari ya mwenzake wa juu. Wao walikuwa wanashika mara moja tu, tena kwa misumari minne. Mwenye nyumba nilipomwonyesha alinyamaza.

Mama_Nuru
Fundi naomba kuuliza. Mimi wa Sakina, nilinunua vigae hivi kwa ajili ya kibanda cha bustani. Kwa nyuma vina utepe mwembamba wa plastiki. Kijana wangu alikaa siku nzima anaubandua, nusu ukakatika. Ndiyo gundi haitashika?

Jenga_Mwenyewe
Lazima uubandue wote dada, kama stika. Usipobandua hakuna kitu.

Fundi_Kisongo
Hapana jamani, huo utepe uko pale ili vigae visishikane vikiwa ndani ya pakiti. Ukivipanga juu ya paa hauangukii kwenye gundi ya mwenzake. Uache ulipo. Kijana wako kapoteza siku tu Mama Nuru, mpe soda.

Mhandisi_Njiro
Nimesoma toka juu. Mtoto wa Pasua, kabla hujachagua cha kuezekea, elewa kwanza upepo unafanya nini. Watu hudhani upepo unasukuma paa. Kinacholing'oa zaidi ni mvuto wa kwenda juu: hewa ikipita kasi juu ya paa inalinyonya, na unyonyaji huo ni mkali kuliko kote kwenye kona, pembezoni na mgongoni. Katikati ya paa kuna unafuu. Ndiyo maana paa huanza kuchunika pembeni, kisha upepo ukishapata pa kushika unafunua safu kwa safu.

Kwa hiyo kama wewe na shemeji bado mnabishana, anzeni na umbo. Paa la pande nne linavumilia upepo kuliko lenye kuta za pembetatu pande mbili. Na kwa kuwa upo kwenye linta, una bahati: kwenye ring bimu (mkanda wa zege juu ya ukuta) acha vyuma vimetokeza vya kufungia kenchi, yaani fremu za mbao za paa. Mafundi wengi wanagonga misumari miwili ya mshazari wakaondoka. Hapo hata uweke dhahabu juu, paa litaondoka likiwa zima.

Sasa vigae. Pakiti nzuri huandikwa daraja la upepo, na lile la kipimo cha Marekani, ASTM, ndilo nalolifahamu vizuri. D3161 daraja F maana yake kigae kimepulizwa na feni kwa saa 2 kwa kasi ya kilomita 177 kwa saa. D7158 daraja H ni kilomita 241. Daraja A la D3161 ni kilomita 97 tu, hicho usikipeleke pwani. Lakini vipimo hivyo vyote vimefanywa kwenye kigae kilichopigiliwa sawasawa na gundi yake imeshika. Cha Kisongo kingeandikwa H bado kingeokotwa kwenye mahindi.

Pwani yetu haipigwi na vimbunga kama Msumbiji, lakini Lindi ilipigwa mwaka 1952, na Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia. Kusi ya kawaida ndiyo mtihani wako wa kila mwaka.

Mtoto_wa_Pasua
Ahsante sana Mhandisi. Hiyo ya vyuma kwenye ring bimu nimempigia fundi sasa hivi. Kwa hiyo kama ni vigae vya lami, vinapigwaje penye upepo? Naomba mniambie kwa lugha ya saiti.

Fundi_Kisongo
Kwanza sahau papi, zile mbao nyembamba za kupigilia bati. Vigae vya lami havikai juu ya papi, vinataka sakafu ya plaiwudi paa zima, milimita 12 kushuka chini usikubali. Kwa mita 180 ni shiti 61 za futi 8 kwa 4, ongeza za kukata, shika 67. Hapo ndipo mwenye pesa ndogo anapokimbilia msauzi, na simlaumu. Acha nafasi ya milimita 3 kati ya shiti na shiti, maana pwani plaiwudi inavimba kwa unyevu, zikigusana zitanyanyuka na vigae juu yake vitafanya matuta. Misumari ya plaiwudi iwe ile yenye pete pete shingoni, haichomoki ovyo. Piga kila inchi 6, pembezoni kila inchi 4.

Misumari ya vigae ni ya kichwa kipana bapa, inchi moja na robo, ncha itokee chini ya plaiwudi. Sita kwa kila kigae. Kwa mita 9.3 za mraba vinaingia vigae 80 vya futi 3, yaani misumari 480 badala ya 320. Kibarua atakwambia "bosi minne inatosha", maana anahesabu mkono wake. Wewe hesabu kusi.

Kichwa cha msumari kilale sawa na kigae. Kikizama kinakata kigae, kikibaki juu kinakizuia cha juu yake kisigusane na gundi. Kikikaa upande, yote mawili.

Mwana_wa_Tanga
Naishi Arusha ila nyumbani Tanga, niongeze la chumvi ambalo mafundi wa mlimani hawalijui. Msumari mweupe wa kawaida wa dukani, ule uliopakwa zinki kidogo kwa umeme, kwa mita 400 toka baharini hautadumu. Kigae kitakuwa kizima huku msumari chini yake umebaki vumbi la kutu. Tafuta uliochovywa kwenye zinki ya moto, ule unaonekana mzito na wa kukwaruza, au chuma cha pua ukimudu.

Na chumvi ndiyo inayofanya nisiwe upande wa Mzee wa Msauzi moja kwa moja. Bati lenye mchanganyiko wa alumini na zinki linahimili, ila soma waranti: nyingi hazifuniki nyumba iliyo karibu na bahari. Kutu huanzia fundi alipokata kwa grenda na palipotobolewa na msumari. Bati za kokoto ni chuma kile kile chenye koti, kokoto zikikwaruzwa wakati wa kupandisha umeshafungua mlango. Kwa shemeji: zinapunguza kelele za mvua kweli, ila msiwe na haraka nazo.

Vigae vya lami havipati kutu, ila kwa unyevu wa pwani vinapata michirizi myeusi ya mwani. Vipo vilivyochanganywa chembe za shaba kuzuia hilo. Rangi chukua ya kupauka, nyeusi itawapika.

Mzee_wa_Msauzi
Haya, mmenikalia wote. Lakini bati langu likinyofoka naliona. Hivyo vigae gundi ikiachia utajuaje?

Fundi_Kisongo
Swali zuri Mzee, la kwanza leo 😀 Unapanda, unajaribu kunyanyua ncha za vigae kwa kidole, taratibu. Kinachoinuka, unaweka vitone vya lami ya kopo kama sarafu chini yake, unakandamiza. Usimwage, lami ikizidi inavimbisha kigae. Gundi inachoka na umri, kwa hiyo ukaguzi ni wa kila mwaka kabla ya kusi.

Mhandisi_Njiro
Mambo ya pembeni yasipite hivi hivi, maana ndiko paa linakoanzia kufa. Safu ya kuanzia isiwe kigae kilichogeuzwa kiholela, gundi yake inatakiwa ikae karibu kabisa na ukingo ili ishike ncha ya safu ya kwanza. Chini yake paka ukanda wa lami ya kopo wa sentimita 20, kwenye kingo zote na siyo upande wa maji tu. Bati la kudondoshea maji lipigwe msumari kila sentimita 10. Vigae vitokeze nje ya bati hilo nusu sentimita hivi, ukiacha vininginie sana umeupa upepo mpini.

Mteremko ukipata digrii 20 na zaidi upo salama. Chini ya digrii 18 karatasi ya lami inayotandikwa chini ya vigae inakwenda mara mbili, chini ya digrii 9 sahau vigae hivi.

Na wakati: ezeka Januari au Februari. Jua la kule litashikisha gundi ndani ya siku chache, masika haijaingia. Ukiezeka Juni, gundi haijashika na kusi ishafika.

Mama_Nuru
Mwenye mke, mbona hajaulizwa yeye kama atakubali rangi ya kupauka?

Mtoto_wa_Pasua
Mama Nuru kakubali, anataka ya mchanga 😀 Uamuzi ni vigae vya lami, paa la pande nne, daraja H. Banda la jenereta nitaweka msauzi, Mzee asikasirike. Kazi iliyobaki ni fundi wangu, hajawahi kupiga vigae hivi.

Fundi_Kisongo
Mpe kipande cha plaiwudi, vigae vitatu na misumari. Apige mbele yako, usimwelekeze. Kisha vibandue uangalie matundu.

Mtoto_wa_Pasua
Mrejesho. Jana jioni nyuma ya nyumba hapa Pasua, fundi kapiga vitatu. Cha kwanza misumari minne, nikamkumbusha, akaongeza. Tulipobandua, misumari miwili imepita katikati ya gundi na mmoja umezama mpaka kigae kimepasuka. Kacheka, kakuna kichwa, kaomba pakiti akafanye mazoezi nyumbani. Jumamosi anarudia.