Dar hadi Kampala kwa basi: ninywe nini njiani, na hizi chupa za "kuokoa tembo" ni kweli?

BasiLaMchana:

Wakuu habari zenu.

Nina likizo, na safari hii sipandi ndege. Natoka Dar, nalala Moshi, Nairobi nakaa siku kadhaa, namalizia Kampala kwa shemeji. Mimi si mlevi, ni mtu wa glasi moja mbili jioni, ila nikifika mji wa watu napenda kunywa wanachokunywa wenyewe. Bia zimenichosha, tumbo linajaa bure. Nataka vitu vikali na kokteli. Hapa Dar yangu ni Konyagi, ndimu, Stoney Tangawizi na barafu nyingi. Huko mbele najua majina tu.

La pili ndilo linaniumiza kichwa. Mke wangu ni mtu wa kanisa, hagusi kabisa. Kaniambia kama ni lazima ninywe, basi ninywe kitu kinachomfaa na mtu mwingine. Alidhani ananikomoa. Juzi supamaketi moja Masaki nikakutana na chupa ya jin yenye lebo iliyoandikwa kwa mkono, jina la tembo, na maelezo kwamba asilimia 15 ya faida inakwenda kulinda tembo Afrika. Pembeni yake Amarula, nayo ina tembo. Nilipoona bei ya ile jin nikairudisha rafuni taratibu kama nimeshika yai.

Hizi hela zinafika kweli? Niliwahi kuuziwa "kokteli ya hisani" kwenye hoteli fulani ya ufukweni, eti ya kusaidia watoto wa kijiji jirani. Nikauliza kijiji gani, mhudumu akacheka tu.

Nawasilisha.

KarangaZaKukaanga:

Mkuu mimi nakunywa kwa hisani tangu 2009. Namsaidia mwenye baa kusomesha. Watoto wake wote wamemaliza chuo, wa kwangu bado wako msingi.

KauntaYaNyali:

Ndugu yangu, nimesimama nyuma ya kaunta miaka mingi, Mombasa kisha Nairobi. Wacha nianze na pesa, maana hapo ndipo watu wanapofumbwa macho.

Hiyo jin bila shaka ni Elephant Gin. Inatengenezwa Ujerumani, iko sokoni tangu 2013, na ndani wanatia vitu vya Afrika, ubuyu ukiwemo. Kila toleo linapewa jina la tembo. Wanaowapa pesa wanajulikana: Big Life Foundation, wale wenye walinzi wa wanyamapori pande za Amboseli, na Space for Giants. Si wababaishaji hao. Lakini isome lebo tena. Asilimia 15 ya FAIDA, si ya bei. Tuseme chupa ni 6,000 za Kenya. Toa ushuru wa bidhaa, toa VAT asilimia 16, toa meli, mwagizaji, mwenye duka. Mwenye kiwanda akibaki na faida ya 600, na hapa nakisia tu ili uone hesabu, tembo anapata 90. Kwa chupa nzima! Wewe uliyekunywa glasi moja hotelini umempa shilingi chache, hoteli imekula elfu moja. Chupa zikiuzwa nyingi, hizo 90 zinajumlishana na mlinzi analipwa mshahara, sikatai. Ila usiongeze chupa ya pili kwa ajili ya tembo. Inunue kama umeipenda ladha, na tembo mtumie zake kando.

Amarula ni habari nyingine. Mle ndani mna tunda la mng'ongo, na linaokotwa na wanavijiji wa Limpopo, Afrika Kusini, wengi wao akina mama. Tunda likiiva linadondoka lenyewe, kuanzia Januari hadi Machi hivi, wanaliokota na kuliuza kiwandani kule Phalaborwa. Kwa hiyo kuna mtu ameshalipwa kabla tembo hajachorwa kwenye chupa. Kilevi ni asilimia 17 tu, ina malai, inywe juu ya barafu baada ya chakula. Usithubutu kuitia ndimu, itakatika kwenye glasi mbele ya wageni.

Halafu kuna baa zenyewe kuchangisha. Negroni Week, wiki ya kokteli chungu iitwayo Negroni, ilianzishwa 2013 na jarida la Imbibe pamoja na kampuni ya Campari. Baa zinajiandikisha, zinauza Negroni wiki nzima na kuchangia, na siku hizi mpokeaji ni shirika la chakula la Slow Food. Negroni siipendi sana, inaniachia uchungu hadi usingizini, lakini mpango ule unakuambia anayepokea ni nani kabla hujaagiza. Hoteli yako haikuwa na hilo. Siku nyingine uliza nani anapokea, na kiasi gani kwa kila glasi. Mhudumu akicheka, agiza soda.

Haya, Nairobi kunywa kokteli inayoitwa dawa. Ilianzia Carnivore kule Langata, mkahawa uliofunguliwa 1980, na mama yake ni caipirinha ya Wabrazili, ila huku tunatia vodka na asali. Wengi wanaiharibu. Ndimu ikatwe vipande na maganda yake, sukari kidogo, barafu iliyopondwa hadi juu, vodka toti mbili. Kisha kile kijiti kilichozungushiwa asali nzito, na hicho ndicho cha kupondea ndimu. Ukiponda, mafuta ya ganda yanatoka, na asali kwa sababu ya baridi inaachia kidogo kidogo. Unakunywa, unaponda, unakunywa. Funda la kwanza kali, la mwisho tamu. Ukiletewa asali imeshakorogwa ndani na ndimu ya chupa, umeletewa juisi yenye vodka, rudisha bila aibu.

Chupa ifunguliwe mbele yako. Stempu ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, unaweza kuikagua kwa simu, programu yao inaitwa Soma Label. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ya mtaani achana nayo. Sheria ya 2010 iliruhusu ya wenye leseni, ya vichochoroni haina leseni wala mwenyewe, na methanoli, sumu inayoweza kuwemo, haina ladha ya kukuonya. Februari 2024 kule Kirinyaga watu wasiopungua 17 walifariki kwa pombe yenye sumu. Na waliopona methanoli, wengine hubaki bila macho.

Kuhusu tembo kwenye chupa, kwetu si jambo geni. Bia ya Tusker ilipewa jina hilo baada ya mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, George Hurst, kuuawa na tembo akiwinda 1923. Huyo alimchangia tembo kwa njia yake.

MamaWaKibosho:

BasiLaMchana mwanangu, unalala Moshi halafu hisani unaitafuta kwenye chupa ya Wajerumani?

Mbege, pombe yetu ya ndizi, si kali, najua umetaka vikali, lakini nisikilize. Huku kwetu sisi akina mama ndio wapishi. Ndizi zikishaiva sawasawa tunazipika mpaka ziwe nyekundu, tunaziacha siku kadhaa zichachuke. Ulezi tunauotesha, tunauanika, tunausaga, tunaupika uji. Tunachanganya, na magome ya msesewe ya kutia uchungu. Ikiwa tayari iuzwe siku hiyohiyo, kesho yake inakuwa kali ya kuchoma koo na wateja wanakukimbia. Hela ukinipa inaingia mkononi mwangu, hakuna mwagizaji wala meli. Nimelipia ada kwa mbege na kuezeka kwa mbege.

Ila usije peke yako na kamera shingoni. Tafuta mwenyeji akupeleke kilabu, Kibosho, Machame, Marangu, popote. Kaa kwenye benchi, kata, kile kibuyu cha kunywea, ikikufikia pokea kwa mikono miwili, nywa, mpe jirani. Wazee wakianza kusalimia ukoo wako, jibu, hata kama wewe ni wa Kilwa.

Mtu akikunong'oneza habari ya gongo, mwambie unawahi basi.

MtuWaNtinda:

Kampala ni Uganda Waragi, jin yetu, ndugu. Usikubali kupewa kitu kingine siku ya kwanza. Weka toniki na ndimu. Kuna ya nanasi na ya nazi, hiyo ya nazi shemeji wako ataipenda. Kula rolex kwanza, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili na kabeji, tumbo tupu na waragi havipatani. Isiyo na lebo kwenye jerikeni hata wenyeji wenye akili hawagusi.

Kuhusu hisani sina la kuongeza kwa Mama wa Kibosho. Mimi ningeishia huko Moshi.

BasiLaMchana:

Shukrani wakuu, na shikamoo Mama wa Kibosho, nitakutafuta inbox. Mke wangu nimemsomea ya ndizi, kaniruhusu kata moja. Ya pili hajasema.

KauntaYaNyali, la mwisho: nikitaka kumnunulia shemeji chupa Nairobi, mpakani Malaba watanisumbua?

KauntaYaNyali:

Mtu mzima anaruhusiwa pombe kali lita moja bila ushuru, au mvinyo lita mbili, ndivyo forodha ya Afrika Mashariki inavyosema. Kwa hiyo mzinga mmoja wa 750 unapita. Miwili ni lita moja na nusu, hapo utaulizwa. Risiti weka mfukoni, usiifungie ndani ya begi. Chupa iviringe na jinzi katikati ya nguo, na mwambie konda begi lako lisikae chini ya magunia ya vitunguu.