Kanzidata za umma: seva kuu ikae nyumbani au kwenye wingu la nje?

Mtoa mada

Wakuu, habari za leo. Naomba tulijadili hili kwa hoja.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini. Upande wa Bahari ya Shamu mikongo mingine ilikuwa imeshakatika tangu Februari. Tanzania, Kenya na majirani wakabaki na intaneti ya kubahatisha.

Mimi natunza kanzidata ya chama cha akiba na mikopo. Wakati ule seva yetu kuu, ile inayopokea maandishi yote, ilikuwa kwenye wingu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, huko Ulaya. Jumatatu asubuhi mwanachama amesimama dirishani, karani yuko mbele yake, kitambulisho anacho, fedha zake zipo. Umeme upo. Mtandao wa ndani ya jengo upo. Salio lake ndilo limebaki ng'ambo. Mama mmoja alikuja mara tatu siku ile kwa sababu alikuwa na mgonjwa hospitalini, na mara zote tatu nilimwambia neno lilelile. Sijalisahau.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: taasisi inayoshika fedha, ardhi au afya ya watu wa hapa, seva yake kuu ikae hapa. Wingu la nje libebe replika, yaani nakala inayofuata kila badiliko la seva kuu. Wengi wamepanga kinyume, na wengine hawana replika popote. M-Pesa ya Kenya ilihamishwa kutoka seva za Ujerumani kuja Kenya mwaka 2015. Sisi tunasubiri nini?

Mchangiaji, Arusha

Mtoa mada, nakuheshimu lakini napinga. M-Pesa ina mafundi wa zamu usiku na mchana. Chama chako kina wangapi? Ukileta seva kuu nyumbani umeleta na jenereta, na kiyoyozi, na diski zinazokufa usiku wa Idi, na fundi mmoja anayejua nywila zote. Akiugua malaria, chama kimeugua.

Tazama Korea Kusini. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliwaka kwenye kituo cha data cha serikali mjini Daejeon. Mamia ya mifumo ya umma ilizimika. Ghala la mafaili ya watumishi wa serikali lililoitwa G-Drive, terabaiti 858, liliteketea na halikuwa na nakala nje ya jengo. Hiyo ni nchi tajiri, na seva zilikuwa kwao wenyewe.

Kwenye wingu, kuweka replika ya Postgres, programu ya kanzidata, katika jengo la pili ni kuchagua na kulipa. Seva kuu ikifa, ya pili inapandishwa cheo kwa dakika chache bila fundi kuamshwa. Siku matokeo ya mitihani yanapotoka na nchi nzima inasoma kwa pamoja, unaongeza replika tano za kusomea asubuhi na kuzizima jioni. Vyuma vya nyumbani utavinunua kwa ajili ya siku moja, vikae bure siku zilizobaki?

Mtunza kanzidata, Mwanza

Ndugu zangu, mnabishania anwani ya nyumba na ndani hakuna aliyekagua.

Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja. Mwaka wa tatu nilikuwa kwenye taasisi yenye seva kuu na replika mbili, na tulijiona salama kabisa. Mwenzetu mmoja akatuma amri ya kurekebisha deni la mteja mmoja, akasahau sharti linalotaja ni mteja gani. Jedwali zima likaandikwa deni moja. Nilikimbilia replika ya kwanza: imeshafuata. Ya pili: imeshafuata. Replika ni mtiifu, hata kosa hulipokea kwa uaminifu uleule linapokuja. Tulijenga upya madeni kutoka kwenye risiti za karatasi kwa siku tisa.

Kwa hiyo replika inakulinda mashine ikifa. Mkono wa binadamu ukiteleza inahitajika bekapu, yaani nakala ya wakati fulani iliyowekwa kando, na bekapu ambayo haijawahi kurejeshwa mahali popote ni faili tu.

GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya programu mtandaoni, waliliandika lao hadharani, na kila fundi angelisoma. Tarehe 31 Januari 2017 replika yao ya Postgres ilibaki nyuma ya seva kuu. Mhandisi, akiwa amechoka usiku, akataka kufuta folda ya data kwenye replika ili aanze upya. Alikuwa kwenye seva kuu. Alipositisha amri, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Wakageukia bekapu. Ile ya kila siku ilikuwa haifanyi kazi, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa toleo 9.2 na kanzidata toleo 9.6. Barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani, hivyo hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja aliipiga kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio. Wakapoteza saa sita za kazi za watu.

Tena walikuwa kwenye wingu. Na Mei 2024, mwezi uleule wa mikongo ya mtoa mada, mazingira ya seva ya mfuko wa pensheni wa Australia, UniSuper, yalifutwa kwa makosa ndani ya Google Cloud. Walikuwa na bekapu kwa mtoa huduma mwingine. Bila hiyo sijui wangewaambia nini wastaafu.

Naomba kila mmoja wenu ajibu: mara ya mwisho kurejesha bekapu yenu kwenye seva tupu na kuhesabu safu zikalingana ilikuwa lini?

Mchangiaji, Mombasa

Naongezea la umbali, maana mtoa mada amelipita haraka. Ukisema seva kuu hapa na replika Ulaya, replika ya aina gani? Ikiwa kila muamala lazima usubiri replika ikiri kupokea, mwanga ndani ya nyuzi za mkongo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam na Dodoma ni kilomita 400 hivi kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi ni milisekunde nne kinadharia. Hiyo inavumilika. Ulaya ni zaidi ya sabini, na mkongo ukikatika miamala inasimama, yaani umerudi kwenye Jumatatu yako. Ikiwa haisubiri, siku utakayoipandisha cheo kuna miamala haijafika kule.

GitHub, kampuni ya kazi ileile ya GitLab, waliionja hiyo Oktoba 2018. Mtandao kati ya vituo vyao ulikatika sekunde 43. Programu yao ikaipandisha kanzidata ya MySQL ya pwani ya magharibi ya Marekani kuwa kuu, huku ya mashariki ina maandishi ambayo hayajavuka. Pande zote mbili zikawa na ukweli ambao mwenzake hana. Kurudisha huduma sawasawa kuliwachukua saa 24 na dakika 11.

Kwa pesa za watu mimi ningeweka mbili ndani ya nchi, miji tofauti, zinazosubiriana. Ya tatu nje, isiyosubiriwa.

Mtoa mada

Nimesoma yote. Kwanza nijibu swali la Mwanza: sijawahi kurejesha bekapu yetu yote. Nimewahi kurejesha jedwali moja. Jumamosi hii natafuta seva tupu, nitaanza saa mbili asubuhi na nitaandika hapa ilichukua muda gani na nini kilikosekana.

La seva kuu kukaa hapa silirudishi nyuma. Nakubaliana na Mombasa, Dar na Dodoma zisubiriane. Na nitaweka replika moja inayochelewa makusudi kwa saa moja, Postgres inaruhusu hilo tangu toleo 9.4, ili mkono ukiteleza tuwe na saa moja ya kuikimbilia.

Mchangiaji, Arusha

Na bado hujasema nani atakuwa zamu usiku. Vyama ishirini vinaweza kuchangia mafundi wanne na vyumba viwili vya seva. Chama kimoja hakiwezi, na kikijaribu, yule mama atarudi mara tatu kwa sababu nyingine. Mkianzisha ushirika wa namna hiyo nitakuwa wa kwanza kuhamisha data zetu. Kabla ya hapo nabaki kwenye wingu, ila bekapu naitoa kwa mtoa huduma huyu naiweka kwa mwingine kuanzia wiki hii.

Mtunza kanzidata, Mwanza

Mtoa mada, Jumamosi usihesabu safu peke yake. Jumlisha na salio zote, ulinganishe na ripoti ya Ijumaa jioni. Mimi safu ziliwahi kulingana na shilingi zikakataa.