Tupeane uzoefu: seivu ya OpenTTD inafunguka, lakini kampuni za AI zimeduwaa

Mkeka wa Langoni (Lamu)
Salaam wana OpenTTD (gemu la kuendesha kampuni za usafiri) wa Lamu na Malindi. Uzi huu ni wa jambo moja tu: umefungua seivu (gemu uliyoihifadhi), ramani iko sawa, treni zinatembea, lakini kampuni inayoendeshwa na kompyuta (AI) haijengi tena hata kituo, au imekuja AI nyingine kabisa mahali pake. Wekeni chanzo na dawa. Naanza na chanzo kinachosumbua wengi.

Faili ya .sav haibebi AI yenyewe. Hubeba jina lake, namba ya toleo, mipangilio, na kumbukumbu iliyoandika wakati wa kuhifadhi. Programu yake hukaa kwenye content_download/ai, na maktaba zake (programu saidizi) kwenye content_download/ai/library. Ukimpelekea mwenzako Malindi .sav peke yake kwenye flashi, umempelekea nusu. Kwenye Windows ingia Documents, kisha OpenTTD, unakili folda ya content_download nzima. Library ndiyo husahaulika, na AI iliyoandikwa kutegemea maktaba haiamki bila hiyo maktaba.

Faili zikishawekwa, fungua konsoli, dirisha la kuandikia amri (kitufe kilicho chini ya Esc), andika rescan_ai, halafu list_ai. Jina likitokea kwenye orodha, ndipo ufungue seivu. Kile kitufe cha kutafuta vinavyokosekana kwenye dirisha la kupakia hushughulikia NewGRF, yaani nyongeza za picha na magari. AI utaitafuta mwenyewe kwenye "Check Online Content", na uwe na bando.

Dereva wa Barani (Malindi)
Yakhe, umesahau suala la toleo. AI ikiwepo lakini hakuna toleo linaloweza kusoma ile kumbukumbu, gemu hupakia toleo jipya kuliko yote bila kuipa kumbukumbu yoyote. Hapo kampuni ina magari, ina deni, na anayeiongoza hajui chochote kuhusu njia zake. Wengine hulaumu seivu kuwa mbovu, kumbe nzima. Ukiwa katikati ya gemu ndefu, usifute .tar (faili iliyofungashwa) ya AI ya toleo la zamani hata kama umepakua jipya. Yanakaa pamoja bila ugomvi.

Na gemu lenyewe ni hivyo hivyo: seivu ya toleo jipya la OpenTTD haifunguki kwenye la zamani. Kinyume chake hufunguka.

Bi Mtandao (Shela)
Jamani, reload_ai! Kila anayeulizwa huitaja kama panadoli. Amri hiyo huiua kampuni kwanza, na magari yake yote, kisha huanzisha AI upya kwenye kampuni mpya. stop_ai nayo hufuta kampuni. Kama unataka kampuni ibaki na mali yake, usiziguse.

Njia salama ni hii. AI ikifa kwa hitilafu, dirisha la uchunguzi wa AI hujitokeza na maandishi mekundu. Usihifadhi juu ya seivu yako wakati huo. AI iliyokufa haiandiki kumbukumbu, kwa hiyo seivu mpya itakuwa tupu upande wake, na ukiifungua ataanza kama mgeni. Rudi kwenye seivu ya kabla ya kifo.

Hapa ndipo hesabu inapouma. Tangu toleo 13.0 la 2023, seivu za otomatiki huhesabiwa kwa dakika halisi, kawaida kila 10, na faili ni 16 zinazozunguka, autosave0 hadi autosave15. 16 mara 10 ni dakika 160. AI ikifa saa nne asubuhi ukagundua saa saba mchana, zote 16 zimeshaandikwa baada ya kifo. Kwa hiyo weka seivu ya mkono yenye jina lake, hasa kwenye mitaa ambayo stima hukatika jioni. Faili iliyokatwa katikati ya kuandikwa haifunguki.

Kijana wa Mokowe
Na sisi tunaocheza kwa LAN, kompyuta mbili kwenye rauta moja?

Bi Mtandao (Shela)
Ahifadhi mwenye seva, mwanangu. AI huendeshwa kwenye seva pekee. Seivu ya mgeni aliyejiunga hutoka na kumbukumbu tupu za AI, ingawa ramani ni kamili.

Fundi Skwirili (Malindi)
Kwa wanaoandika AI zao: Save(), inayoitwa gemu likihifadhiwa, irudishe jedwali lenye namba kamili, maandishi, ndiyo/hapana, null, safu au majedwali mengine, kina cha kuingia ndani kwa ndani kisizidi ngazi 25. Kitu cha darasa (class) ulichounda mwenyewe hakihifadhiki. Oparesheni zina kikomo cha 100,000, kwa hiyo usipange orodha ya vituo vyote ndani ya Save(). Iandae mapema, Save() iikabidhi tu. Humo usijenge wala kulala.

Load(), inayorudisha kumbukumbu, huitwa kabla ya Start(), inayoanzisha kazi ya AI, na Start() huitwa gemu ikiwa mpya au imefunguliwa. Asiyeweka alama kwenye Load() kwamba seivu imefunguliwa ataikuta AI yake ikianza ujenzi upya juu ya reli zake yenyewe. Kwenye info.nut, faili ya utambulisho wa AI, andika MinVersionToLoad(), yaani toleo la zamani kabisa ambalo kumbukumbu yake inasomeka. Usipoiandika, gemu huchukua namba ya GetVersion(), yaani toleo la AI la sasa, maana yake ukipandisha toleo kutoka 3 hadi 4, kumbukumbu za 3 hazisomeki tena.

Dereva wa Barani (Malindi)
AIList je, ile orodha inayotolewa na gemu, fundi? Kwenye OpenTTD yangu ya zamani inagoma kuhifadhiwa.

Fundi Skwirili (Malindi)
Kwenye matoleo ya zamani haihifadhiki, maana ni kitu cha darasa hiyo. Ipitie kwa foreach, weka kila namba na thamani yake kwenye jedwali la kawaida, kisha kwenye Load() jaza AIList mpya kwa AddItem.