Naomba ushauri: bunduki ya kwanza ya shabaha ya mbali, ninunue au niundiwe?

Habari za jioni, wakuu. Niko Lindi, naandaa maombi ya leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nami nataka bunduki ya kulengea shabaha za mita 600 hadi 1,000. Rafiki ananihimiza nimpe fundi mwenye leseni aniundie, yaani mtutu mzito na kitako cha kurekebishika. Mimi naona ya kiwandani ya risasi aina ya 6.5 Creedmoor, ambayo teke lake begani ni dogo kuliko la risasi aina ya .308, ingeniachia fedha za darubini nzuri na risasi za mazoezi. Hofu yangu ni chumvi ya bahari, maana hata panga langu jipya lilishika kutu upesi. Je, mtutu wa chuma cha pua utafaa, au nibaki na .308 kwa ajili ya upatikanaji wa risasi?